Sahani ya Chuma kwenye Baiskeli ya Sista

Baiskeli ile tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa asubuhi, soko la Kashikishi limeanza kuchangamka, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya duka la chumvi na sabuni nikishona sare za shule. Sauti ilitoka upande wa barabara ya Nchelenge: mlio mrefu, mwembamba, kama nguruwe anayeshikwa mguu. Wanawake waliokuwa wakipanga samaki waligeuka. Mlio ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na mwishowe akatokea sista wa kliniki, amekaza meno, anasukuma baiskeli nyekundu ambayo sijawahi kuona mfano wake.

Kwanza niseme mimi nilikuwa nani pale. Nilikuwa nimevuka ziwa kutoka upande wa Kongo mwaka mmoja kabla, mimi na cherehani yangu ya miguu, tumefungwa kwa kamba moja katikati ya magunia ndani ya mtumbwi wa wafanyabiashara. Mume wangu alikuwa amebaki ng'ambo na biashara yake ya samaki, akija anapoweza. Kashikishi sikuwa na ndugu. Nilikuwa na cherehani, baraza ya kuazima, na jirani mmoja: fundi wa baiskeli.

Fundi huyo alikuwa Mzambia wa palepale ziwani, mtu wa makamo, mrefu, mwenye mikono iliyokolea grisi hata Jumapili kanisani. Alikaa hatua tano kutoka kwangu, chini ya paa la bati aliloliegemeza kwenye ukuta wa duka. Kiswahili chake alikipata kwa Wakongo wanaonunua samaki, na Kibemba changu nilikipata kwake. Tulielewana kwa kuchanganya. Baiskeli alizozijua ni zile nyeusi, nzito, zinazobeba magunia mawili ya mihogo na mwenyewe juu. Hizo angeweza kuzifungua na kuzifunga huku anakupa habari za mji mzima.

Sista naye alijulikana na kila mtu. Alikuwa muuguzi aliyezunguka vijiji vya kando ya ziwa kuwaangalia wanawake wenye mimba. Bibi yake alikuwa wa kule kwetu, kwa hiyo Kiswahili alikisema kama sisi. Daktari mmoja muzungu alikuwa amemaliza kazi yake na kurudi kwao, na baiskeli hiyo nyekundu alimwachia sista.

Siku hiyo sista aliiegemeza ukutani na kusema, "Ba fundi, mimi nimechoka. Hii kinga iko inalia tu, inalia tu. Kila kijiji banacheka."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Fundi aliizunguka mara mbili. Kisha akachuchumaa mbele ya gurudumu la mbele. Mimi nilikuwa na suruali kumi na moja za kumaliza siku hiyo, lakini mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani wenyewe. Nilisimama nikaenda kuangalia.

Kwenye kitovu cha gurudumu palifungwa sahani ya chuma, nyembamba, inang'aa, imetobolewa matundu mengi. Ilikuwa na upana wa sahani ya kikombe cha chai. Gurudumu likizunguka, nayo inazunguka. Gurudumu la nyuma lilikuwa na breki za mpira za kawaida, tena zilizokwisha, lakini mbele hapakuwa na mpira wowote wa kubana rimu.

"Hii ni ya kuchujia," alisema fundi, na sista akacheka kwa mara ya kwanza.

"Breki iko wapi?" niliuliza.

"Minadhani njo hiyo," sista alijibu. "Daktari alisema hii sahani njo breki."

Fundi alitikisa kichwa. "Awe, mukwai. Breki inashika rimu. Hii ni ya kupendezesha. Tuitoe."

Lakini mimi nilishaona kitu. Waya wa breki ulishuka kutoka kwenye usukani, ukafuata bomba la mbele, ukaingia kwenye kidude cheusi kilichoikumbatia sahani kwa pande zote mbili. Nilimwomba sista abonyeze mkono wa breki. Ndani ya kile kidude kibao kidogo kilisogea na kuibana sahani dhidi ya kibao kingine. Sahani ilipita katikati ya vibao hivyo kama kitambaa kinavyopita chini ya mguu wa cherehani. Niliwaambia wote wawili wainame waone. Walibonyeza na kuachia, wakabonyeza na kuachia, hata mwenye duka akatoka kuuliza kama kuna mtu ameanguka.

"Kumbe inashika hapa katikati," fundi alisema polepole. "Sasa, kama chuma kinalia, kina njaa ya mafuta."

Akachukua kikopo chake, akadondosha mafuta pande zote mbili za sahani, akazungusha gurudumu. Kimya. Hata mlio wa sindano haukusikika. Alisimama akajipangusa mikono na kututazama kama mtu aliyepewa kiti cha mbele. Mimi pia nilimsifu, lazima nikiri. Sista alishukuru, akapanda, akaondoka bila kelele, na wanawake wa samaki wakampigia vigelegele vya utani.

Barabara ya kwenda majini pale ina mteremko. Si mkali, lakini ni mrefu, na chini yake, kwenye mchanga, wanawake huanika chisense, wale samaki wadogo wanaong'aa kama misumari mipya. Sista alikuwa na mgonjwa upande ule. Alianza kushuka, akabonyeza breki ya mbele, na breki haikushika chochote. Akabonyeza ya nyuma, nayo ilikuwa ya jina tu. Sisi tulisikia mayowe. Tulipofika, baiskeli ilikuwa imelala, gurudumu la mbele bado linazunguka taratibu, na sista alikuwa amekaa katikati ya chisense ya mtu, amejaa magamba toka sketi hadi nywele, goti linatoka damu.

Mwenye chisense alikuwa mama mmoja wa kwetu, mfanyabiashara mwenye sauti. "Sista! Wewe njo unatufundisha usafi!" alipiga kelele. "Unakuya kulala ndani ya samaki yangu?" Kisha akaona damu, akaacha ukali, akamshika mkono na kumwinua. Sista hakulia. Alijipangusa magamba, akamtazama fundi, akasema kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea, "Ba fundi. Sasa hailie. Lakini haisimame."

Fundi aliirudisha baiskeli mwenyewe, anaisukuma, kichwa chini. Alipofika aliiweka nyuma ya baraza yangu badala ya kwake. Mtu alikuja na tairi iliyotoboka, akaiziba bila kumpa habari hata moja ya mji. Jioni alipokuwa akifunga vyombo vyake nilimwambia kwamba kosa halikuwa lake peke yake, maana hata mimi nilisifu.

"Bamayo," alisema, kama wanavyomwita mama pale, "mimi hiyo kitu siigusi tena. Angekufa mama wa watu."

Usiku sikuifikiria sana. Ila asubuhi, nilipokaa kwenye cherehani na kuanza kukanyaga, gurudumu kubwa la chini lilizunguka na sindano haikusogea. Mkanda wa ngozi ulikuwa unateleza. Nilijua sababu kabla sijainama: jana jioni, kwa haraka ya kufunga kazi, nilidondosha mafuta ya mashine vibaya na yakaufikia mkanda. Nilishafanya kosa hilo nikiwa msichana, shule ya ushonaji, na mwalimu wetu alinifungulisha mashine yote na kuifunga tena kama adhabu. Kilichofanywa kuteleza kipe mafuta, alisema, na kilichofanywa kushika kinyime.

Niliacha suruali zote nikaenda kwa fundi, mkanda mkononi.

"Ile sahani haikuwa na njaa," nilimwambia. "Mafuta njo imeiharibisha. Iko kama huu mukanda wangu."

Aliupapasa mkanda, akanusa vidole vyake. Kisha alikwenda kuchukua kimfuko kidogo kilichoning'inia chini ya kiti cha baiskeli, ambacho jana hakuna aliyekifungua. Ndani mlikuwa na funguo nyembamba zilizopinda, ncha zake zina pembe sita. Zililingana kabisa na misumari ya skrubu iliyokuwa kwenye kidude cheusi. "Bazungu," alisema, "wanaficha funguo mahali pa wazi."

Tulitoa gurudumu, kisha vibao viwili. Kila kimoja kilikuwa kama biskuti iliyobandikwa kwenye bati, na biskuti hizo zilikuwa zimeloa, nyeusi ti. Sista alipopita kuangalia, anachechemea, nilimwomba spiriti ya kusafishia.

"Spiriti ya kliniki ni ya sindano," alisema. "Siwezi kuitoa juu ya kinga."

Alikuwa na haki. Basi nilituma kwa mama mmoja nyuma ya soko ambaye anapika kachasu, pombe ile kali ya moto. Alileta chupa mwenyewe, maana alitaka kujua mimi, fundi cherehani na mwanakwaya, nimeanza kunywa lini. Alipoona tunaosha chuma kwa pombe yake alisikitika kweli. Nilifuta sahani kwa kitambaa safi, nikageuza, nikafuta tena, mpaka kitambaa kikawa kinatoka cheupe.

Vibao tuliviweka juu ya mbabula yangu, lile jiko la mkaa, kando ya makaa, si katikati. Moshi ukaanza kutoka humo, mweupe, wenye harufu mbaya. Mafuta yalikuwa yanatoka ndani kama jasho. Tulingoja mpaka moshi ukaisha, tukaviacha vipoe, kisha fundi akaenda kwa mafundi wa mitumbwi kuomba kipande cha msasa, akavisugua uso taratibu mpaka rangi ya kijivu ikarudi.

Tulipofunga kila kitu, baiskeli imepinduliwa miguu juu kama fundi alivyozoea kufanya kazi, breki ilishika. Nilifurahi mno. Lakini gurudumu likizungushwa lilisema "shiii" bila kukoma, na kila mzunguko "shiii" ile ikapanda na kuwa "shiiiKI".

Hapo ndipo nilipopotea kabisa katika kazi ya watu. Nilitaka kujua sauti ile inatoka wapi. Nilimwambia fundi azungushe, nikafumba macho. Kulikuwa na sauti mbili. Ile "shiii" haikuwa na mwisho, kwa hiyo ilikuwa ni kitu kinachogusa muda wote. Ile "KI" ilikuja mara moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo ilikuwa sehemu moja tu ya sahani. Nilimweleza hivyo, akafumba macho na yeye. Tulikaa pale wawili, macho tumeyafumba, gurudumu linazunguka, na mteja wake akatuuliza kama tunaombea baiskeli.

Nilichukua kipande cha kitambaa cheupe cha kaliko nikakishika nyuma ya kile kidude. Mbele ya weupe ule tuliona vizuri: upande wa ndani palikuwa na nafasi ya unywele, upande wa nje hapakuwa na nafasi. Na sahani ilipita imeinama kidogo.

"Gurudumu lenyewe halikukaa sawa," fundi alisema ghafla. "Angalia huku juu, karibu na rimu. Limelala upande."

Gurudumu lile halikufungwa kwa nati. Lilifungwa kwa mkono mdogo wa chuma unaougeuza kwa kiganja. Tulipolirudisha, baiskeli ilikuwa imepinduliwa, na gurudumu lilikuwa linakaa mahali lilipotaka. Fundi aliipindua baiskeli, akaisimamisha kwa magurudumu yake, akalegeza ule mkono, akaegemea usukani kwa uzito wake wote mpaka tukasikia "tok", akaubana tena. Baada ya hapo tuliinua mbele tukazungusha. Nusu ya kelele ilikuwa imekwenda.

Alinitazama. Jana alikuwa ameapa. Sasa macho yake yalikuwa ya mtu mwingine.

"Ngoja, bamayo," alisema. "Kile kidude kimefungwa na skrubu mbili kwenye bomba. Tukizilegeza, kinacheza. Tukibonyeza breki, vibao vyenyewe vitaishika sahani na kidude kitafuata mahali sahani iliko. Halafu tunakaza huku tumebonyeza."

Hilo lilikuwa lake, mimi nisingelifikiria. Alifunga mkono wa breki kwa ukanda wa mpira wa tairi usilegee, akakaza skrubu moja kidogo, ya pili kidogo, ya kwanza tena, kama mtu anayefunga sufuria lenye mvuke. Alipofungua mpira na kuzungusha, "shiii" ilikuwa imekwisha. Nilishika kaliko nyuma na tukaona nyuzi mbili za mwanga, moja kila upande.

Ikabaki "KI".

Kwa hiyo nilileta chaki yangu ya kuchorea nguo. Nilitegemeza mkono kwenye bomba, nikasogeza chaki mpaka karibu iguse sahani, fundi akazungusha polepole. Sahani ilipita, ikapita, na mahali pamoja ikalamba chaki. Tulipoisimamisha palikuwa na alama nyeupe, ndefu kama ukucha. Hapo ndipo ilipopinda, pengine kwenye chisense, pengine kabla. Niliifuta alama, nikakunja kitambaa safi, nikashika ukingo ule kwa vidole viwili na kuusukuma kidogo.

"Nguvu," alisema fundi.

"Hapana. Hii si rimu."

Nilizungusha. "KI" bado. Nikasukuma tena kidogo, ikapungua. Mara ya nne nilizidisha na ikaanza kugusa upande wa pili, fundi akacheka mpaka akashika tumbo. Tulirudi nyuma, tukatia chaki tena. Suruali za shule zilikuwa zimelala kwenye kapu, na mzazi mmoja alikuja akaondoka amekasirika. Nilimwomba radhi, nikamwambia kesho. Jua lilikuwa limeanza kuelekea ziwani tulipozungusha gurudumu na kusikia upepo tu.

Sista alifika na bandeji gotini. Alisikiliza, akatabasamu, lakini hakunyoosha mkono kuichukua.

"Mimi sipande," alisema. "Mutu mwingine apande kwanza."

Fundi hakungoja. Aliichukua, akaisukuma hadi juu ya mteremko uleule, sisi nyuma yake, na watu wa soko nyuma yetu. Mama mwenye chisense alisimama mbele ya samaki zake amepanua mikono, kama golikipa. Fundi alikwenda kwanza pole, akabonyeza, na breki ikashika kwa uvivu. Nikaona uso wa sista ukibadilika. Lakini fundi alirudi juu akashuka tena, akabonyeza, ikashika zaidi. Alishuka na kupanda mara nyingi, nilisahau kuhesabu, na kila mara ilikuwa bora kuliko mara iliyopita, kana kwamba vile vibao na sahani vilikuwa vinazoeana. Mara ya mwisho aliiachia kabisa kutoka juu. Alifika chini anapepea shati, akabonyeza, na baiskeli ikasimama pale pale, mkia wake ukiinuka kidogo, hatua mbili mbele ya mama yule.

"Chawama! Vizuri!" watu walipiga kelele. Mama mwenye chisense alishusha mikono yake na kumwambia fundi maneno ambayo sitayaandika, lakini anacheka.

Sista alipanda jioni ile ile, akaenda Nchelenge, na hatukumsikia. Wiki iliyofuata fundi alimwekea breki mpya za mpira nyuma. Mvua zilipoanza sista alirudi ameudhika: asubuhi, sahani ikiwa na maji, inalia tena. Nilimwambia aiache. Alikwenda mwendo mfupi, akabonyeza mara tatu nne, ikakauka na kunyamaza. Kelele ile haikuwa ugonjwa, tukaiacha kama ilivyo. Lakini kila mtu aliyetaka kuitia mafuta baiskeli ile alipigiwa kelele na fundi kutoka mbali.

Mwezi mmoja au miwili baadaye sista alikuja nikiwa nimemaliza kazi mapema. Alishuka, akanishikisha usukani.

"Haya, mama. Zunguka soko, unisikilizie kama iko sawa."

Nilibaki nimeishika. Fundi aliinua kichwa.

"Sijui kupanda," nilisema.

Walitazamana. "Haujui kupanda kinga?" sista aliuliza. "Weye?"

Kwetu wasichana hawakupandishwa baiskeli, na baadaye sikupata ya kujifunzia. Ndivyo nilivyowaambia. Fundi alicheka, lakini si vibaya, akafunga sanduku la spana zake mapema kuliko siku zote. Tulikwenda watatu kwenye uwanja wa shule. Sista alishika kiti, fundi akashika usukani, mimi nikakunja kitenge changu na kupanda. Nilianguka mara mbili upande uleule wa kushoto. Mara ya tatu walikimbia nami, kisha sauti za miguu yao zikabaki nyuma, na nikajua wameniachia.

Nilikwenda pengine urefu wa goli hadi goli. Niliibonyeza breki kwa uangalifu, ikanisimamisha vizuri, nikashusha mguu, na nilichotaka kuwauliza wale wawili waliokuwa wanakuja mbio kunipongeza ni kitu kimoja tu: kwa nini baiskeli ikisimama inaanguka, na ikitembea haianguki? Sista alisema daktari hakumwambia. Basi tukaipindua palepale uwanjani, tukazungusha gurudumu, tukaanza kuliangalia.